Gauni la Waridi Nililolifumua

Mwanangu Salome,

Watu huanza barua kwa kuulizana afya. Wewe ni mzima, asubuhi nimekuona ukimaliza ugali na mlenda kisha ukaomba mwingine, na mimi ni mzima kiasi cha kugombana na yeyote atakayepita mbele ya mlango huu. Basi hayo tuyaache. Umekwenda kwa bibi yako kuaga, na kwa jinsi bibi anavyopenda kumshika mtu mkono akisimulia, hutarudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Nimevuta kigoda, karatasi nimeiweka kwenye meza ya cherehani, na darasa langu la nne la misheni litanitosha.

Kesho unapanda basi la asubuhi mpaka Manyoni, na kutoka huko treni itakupeleka Tabora, chuoni, ukawe mwalimu. Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Hayo umeyasikia mpaka ukaanza kuyamalizia wewe kabla sijafika mwisho. Nakuandikia kwa sababu ya magauni mawili yaliyo juu ya kitanda chako.

Nimeyaona. Moja ni la kijani, nimekushonea mimi mwezi uliopita. La pili ni la bluu, la dukani, alilokuletea shangazi yako kutoka Arusha. Jana nilikuwa nyuma ya nyumba napeta uwele, nikakusikia ukimuuliza baba yako: "Baba, nikivaa la shangazi kesho, mama ataudhika?" Baba yako naye, kama ilivyo kawaida yake, akajibu: "Mwenye kuudhika yupo, muulize." Hukuniuliza. Nimekusubiri jana yote na leo asubuhi yote, nawe unanizunguka kwa mbali, unazungumza habari za kuku na za mvua. Najua kwa nini huulizi. Nami nakujibu kwa barua kwa sababu yaliyomo ndani ya jibu hili yamenishinda kuyasema kwa mdomo kwa miaka mitano, na mdomo wangu wote wanaujua.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia, nyumba zimepangwa mstari, bomba limeahidiwa, na nguo hazipatikani. Zikija, zinakuja duka la kijiji, na karani wa duka ndiye peke yake ajuaye zimekuja lini na zimekwenda kwa nani. Siku ile nilifika dukani umande haujakauka. Nikasimama mpaka jua likawa utosini. Nilipofika kwenye meza, karani akafunga daftari lake, akanitazama kuanzia miguuni.

"Vitenge vimekwisha, Mama Salome. Halafu wewe si una cherehani nyumbani? Unatafuta nini huku? Kajishonee magunia."

Foleni nzima ikacheka. Baadhi yao walikuwa wamevaa magauni niliyowashonea mimi bila kudai hata yai moja, na ndio waliocheka zaidi. Ukiniuliza kilichoniuma, si kitenge. Ni kile kicheko.

Nikasema kwa sauti, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu umebeba kikapu: "Haya. Nitajishonea. Kuanzia leo mpaka mvua ya mwakani, hakuna mtu wa nyumba yangu atakayevaa nguo ambayo haikupita kwenye sindano yangu. Na kwenye foleni hii hamtaniona."

"Tutaona," akasema karani.

"Utaona. Macho unayo."

Mkamia maji hayanywi, ndivyo wasemavyo. Mimi niliyanywa. Yalinipalia, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, lakini niliyanywa.

Baba yako nilipomweleza alikwenda zizini, akarudi akauliza swali moja: "Na suruali?" Nikamwambia, hata suruali. Akasema, "Haya, mke wangu. Ila mfuko uwe mmoja wa kuwekea tumbaku." Kwa jambo hilo tu nitamheshimu mpaka nife. Wanaume wengi wa hapa Ihanja wangenipiga, au wangekwenda kumwomba karani radhi kwa niaba yangu.

Mpango wa mwaka niliuandika kwa mkaa ukutani, chumbani. Watu watano, mimi na baba yako na wewe na wadogo zako wawili. Kila mtu nguo mbili za kazi na moja ya kanisani. Nikauza mbuzi wangu wawili na madebe ya mbegu za nyonyo, nikaenda Singida mjini, nikarudi na jora la marekani, ile nguo nyeupe ngumu ya pamba, alilonitolea mfanyabiashara mmoja kutoka nyuma ya magunia ya chumvi. Cherehani ilikuwepo, hii hii ya mkono ninayoandika barua juu ya meza yake. Mjomba wako alirudi nayo kutoka migodi ya Sekenke enzi za mkoloni. Wenzake walirudi na baiskeli, yeye akarudi na cherehani amejitwika kichwani, watu wakamwona punguani.

Rangi alinipa bibi yako, mama yangu. Alinionyesha magome ya miti waliyokuwa wakichemshia rangi zamani, marekani ikatoka nyekundu kama udongo wa njiani. Siku ile tukiwa tunachochea moto ndipo aliponisimulia habari ya bwana mmoja wa wilayani. Bibi alikuwa mke kijana, bado anavaa ngozi. Bwana yule akawakusanya wanawake, akawaambia wavue ngozi, ni aibu, nchi inataka maendeleo. Bibi akamwuliza: "Hii ngozi nimeichuna mimi, nimeilainisha kwa mafuta ya nyonyo mimi, nimeishona mimi. Hilo shati lako umelishona wewe?" Akaamriwa aondoke mkutanoni. Aliondoka na ngozi yake mwilini. Ukiona nina shingo ngumu, ujue sikuiokota barabarani.

Nguo za ndani nilizishona kwa mifuko ya unga wa msaada wa njaa, ile ya kitambaa cheupe yenye maandishi ya Kizungu. Yale maandishi hayatoki hata ukiyalowesha kwenye majivu siku tatu. Unakumbuka baba yako akioga kwenye ndoo nyuma ya nyumba na kaptula ile? Herufi za kwanza walizosoma wadogo zako walizisoma kwenye makalio ya baba yao. Vifungo nilivikata kwenye vipande vya kibuyu, nikavitoboa kwa msumari wa moto.

Hapo nilipofika najivuna, naona mwenyewe. Sasa nakuja kwenye kosa.

Makosa ni mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili. Nilikuwa sina tepu, ninapima kwa kamba ya katani. Kila mtu ana kamba yake, na kwenye kamba kuna mafundo: fundo la bega, la kifua, la kiuno, la urefu. Kamba tano zikaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Niliwapima wote siku moja, mwezi wa pili, ghala limebaki makapi, tunakula mara moja kwa siku na mboga yenyewe ni majani. Kisha siku ile ile nikakata jora lote. Lote, Salome. Baba yako aliposikia mkasi unakula kitambaa tangu asubuhi mpaka alasiri alichungulia, akasema, "Mama Salome, hata mbegu hatuzipandi zote siku moja." Nikamjibu aende akachunge ng'ombe.

Nilijua ninachofanya. Kitambaa kizima unaweza kukirudisha mjini, unaweza kukiuza, unaweza kubadili nia. Kilichokatwa hakirudi. Nilitaka kujifungia njia. Na kwa kuwa marekani ilikuwa haitoshi, nafasi ya mshono niliiacha nyembamba sana, upana wa punje ya mtama, ili pasipotee kitu.

Kosa hili hawezi kulifanya mshonaji wa Dar es Salaam. Ni la watu wa huku, ambao miili yetu inajua mwezi wa pili na mwezi wa saba. Mungu alitoa mavuno ya uwele mwaka ule. Tukavuna, tukala mara mbili, tukala mara tatu, maziwa yakarudi. Ulipofika mwezi wa saba nilikuwa nimewashonea watu watano wenye njaa nguo nzuri sana, na wale watu hawakuwepo tena. Baba yako alivuta pumzi aimbe kanisani, kifungo cha kibuyu kikaruka kikampata mzee wa kanisa. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Lakini wewe hukunenepa tu. Wewe ulikuwa unakua. Nami mama yako, mwenye macho mawili, niliona kamba nikaacha kukuona wewe.

Siku ile alipokuja mgeni shuleni, mkacheza halaiki, mkanyoosha mikono juu. Nikausikia mshono wa kwapa ukiachia, au labda niliuona kwanza usoni kwako. Wenzako wakaanza kucheka. Ukacheza wimbo mzima mkono mmoja uko juu, mwingine umeubana ubavuni, hukukosea hatua hata moja. Usiku ule sikukuambia pole. Nilikuambia, "Lete nitie kiraka."

Shangazi yako akasikia, kwa maana hakuna jambo la nyumba hii asilolisikia, akakutumia gauni. La waridi, la kitambaa chembamba cha kuteleza, kola ina lesi. Nikalichukia tangu lilipotoka kwenye karatasi. Nikakumbuka kiapo changu. Nikakumbuka vilevile kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nikakuambia hivyo, na wewe ukanijibu kwa adabu, "Mama, hili sikuazima, nimepewa." Ulikuwa umesema kweli. Ukalivaa Jumapili moja. Ulitembea kwenda kanisani mbele yangu na ulikuwa mrefu.

Jumatatu ukaenda shule. Nikalitoa kwenye kamba ya kuanikia. Niliona jinsi lilivyokuwa limekukaa, kifuani lina nafasi, kwapani lina nafasi, na bado halikupwaya. Nikajiambia, nilifumue upande mmoja tu, nione lilivyokatwa, nilirudishie kabla kengele ya mchana haijalia. Nikafumua upande mmoja. Nikafumua mkono. Nikafumua kola. Nakiri, mwanangu, vidole vyangu vilikuwa na furaha. Nilikuwa najifunza, na nilikuwa nalikomoa, yote mawili kwa pamoja. Nilipolirudisha kwenye cherehani, sindano yangu ilikuwa ya kushonea marekani na magunia. Kila ilipopita iliacha tundu, na kitambaa kikajikunja. Nikafumua tena, matundu yakazidi.

Ulirudi ukalikuta mkekani, vipande tisa. Hukupiga kelele. Ungepiga ningekuwa na la kukujibu. Uliuliza tu: "Mama, kwa nini hukufumua la kwako?"

Nikakutuma maji.

Mpaka hapo ni jambo ambalo mzazi anaweza kulifanya na likapita. Lililofuata ndilo linalonifanya nishike kalamu. Wiki ile ile nilikutana na karani mbele ya duka, watu wamejaa, na wewe uko nyuma yangu. Akacheka akasema, "Mama Salome, Jumapili nimemwona binti na gauni la dukani. Kiapo kimekwisha?" Nami nikajibu, mbele ya watu wote: "Kiapo kiko palepale. Binti yangu mwenyewe amelikataa lile gauni. Amelivua kwa hiari yake, amesema atavaa la mama yake."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema huyo ndiye mtoto wa kujitegemea. Karani akakugeukia: "Kweli, Salome?"

Ukanitazama. Ulikuwa na uwezo wa kunimaliza pale pale, kwa neno moja. Ukasema, "Kweli." Kisha ukaenda nyumbani ukavaa lile la kiraka cha kwapani mpaka mvua iliponyesha, na hukulitaja tena jambo hilo, wala mimi. Kiapo kilikuwa changu, nami nikakuvika wewe. Tangu siku ile una tabia ya kuuliza watu wengine kama nitaudhika. Ile tabia nimeishona mimi.

Sasa usifikiri naandika nikijipiga kifua. Mwaka ule siujutii. Mvua ilinyesha, nikatoka mbele ya nyumba nimevaa gauni langu jekundu la magome, limetanuliwa ubavuni kwa vipande vya mfuko wa unga, nikaenda dukani, nikanunua chumvi peke yake na kuaga. Baada ya wiki mbili karani mwenyewe alikuja hapa na suruali iliyochanika matakoni, anabisha hodi kwa upole. Nilimshonea. Tena nikamwachia nafasi ya kutosha, kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Wanawake waliocheka kwenye foleni, wanne kati yao leo wanashona wenyewe kwa sindano ya mkono, na mafundo ya kamba niliwafundisha mimi. Ukisikia mtu huko Tabora anasema mama yako alikuwa mkaidi bure, mwambie haikuwa bure. Ninachojutia ni wiki moja. Nyingine zote naweza kuzirudia kuanzia kesho.

Na wewe usiogope kuwa mkaidi. Utakutana na watu wengi wa kukufungia daftari usoni, wengine watakuwa na tai shingoni. Weka kiapo chako, kitekeleze mpaka ukohoe. Ila ukikiweka, kivae mwenyewe. Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika, na limenigharimu wewe kwa miaka mitano, mwaka unaingia mwaka unatoka tunakaa nyumba moja na tunazungumza habari za kuku.

Chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya khanga kuukuu, utakuta kitu. Ni lile gauni la waridi. Vipande vyote tisa nilivitunza. Masika iliyopita sista mmoja wa misheni alinipa sindano nyembamba, nikalishona upya kwa mkono, ninyi mkiwa shambani. Matundu ya sindano ile nene yanaonekana kwenye kola, sikuweza kuyaficha na nikaacha kujaribu. Halitakutosha. Nimelirudisha kwa vipimo vile vile vya mtoto wa miaka kumi na mitatu, kwa sababu ni yeye niliyemnyang'anya. Usijilazimishe kulitunza. Mpe mtoto wa mtu, au likate ufutie ubao darasani. Ni lako, safari hii sitakuchagulia.

Na kuhusu kesho, jibu langu ni hili. Vaa la shangazi. Nimeliona kwa macho ya fundi, mishono yake ni mizuri na wewe unapendeza ndani yake. La kijani likunje uende nalo, utalivaa siku utakayolitamani, na kama siku hiyo haitakuja, sindano yangu haitalia. Najua unachoogopa. Basi linasimama mbele ya duka, karani atakuwa barazani, na wanakijiji wote watakuwa pale kukuaga. Atalitazama lile la bluu, na kwa jinsi ninavyomjua hatavumilia. Atasema, "Mama Salome, leo fundi ameshindwa?"

Mwache aseme. Nimeshaliandaa jibu, nimelisema hapa peke yangu mara tatu na kuku wamenisikia. Nitamwambia kwamba mwaka ule wa kiapo binti yangu hakulikataa gauni. Nililifumua mimi, yeye akiwa shuleni, kisha nikasimama mahali hapa hapa nikawadanganya, naye akanifichia aibu akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na ninyi mkapiga makofi. Nitalisema kwa sauti ile ile ya siku ile. Wakitaka kucheka, wacheke, vicheko vya pale nilishavizoea.

Wewe utakuwa umeshakaa dirishani. Ukinisikia, usishuke kwenye basi kuja kunitetea. Mara moja ilitosha.

Nawasikia ng'ombe wanarudi, na sauti yako iko nyuma yao unamsalimia mtu shikamoo. Barua hii naiweka ndani ya mkono wa gauni la bluu, uikute asubuhi ukilivaa. Usipolivaa hutaikuta, na hapo nitajua kwamba bado unaniogopa, nami nitakupandia basini nikakusomee.

Ni mimi mama yako, ambaye mwaka huu anaanza kiapo kingine, cha mtu mmoja, na safari hii atajipima baada ya mavuno.